Mchora Marehemu wa Manundu

Tulipomaliza arobaini ya baba, mdogo wangu aliniuliza nataka nini katika vitu vyake. Nikasema nataka kitabu. Akacheka, maana kitabu chenyewe hakina jalada, kurasa za mwisho zililiwa na mchwa, na hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kukisoma chote. Lakini kinanuka masizi ya koroboi na gundi ya mti, na nikikifunua tu pua inanirudisha Manundu, mtaa wetu wa Korogwe, kwenye kibaraza chetu cha udongo, baba ameinamia ubao wake na mimi nimekaa chini namchelewesha kazi kwa maswali.

Kilikuwa kitabu cha picha za Mwingereza mmoja wa zamani sana, zaidi ya miaka mia kabla yetu, aliyechora vitabu vya hadithi na kuwachora kwa dhihaka wakubwa wa nchi yake. Babu yangu, Mnyamwezi aliyetoka Tabora kuja kukata mkonge Korogwe akaishia jikoni kwa meneja wa shamba, alikipata siku meneja alipofungasha kurudi kwao. Babu alikitumia kuzuilia mlango. Baba ndiye aliyekiokota pale mlangoni, akiwa na umri kama wangu wa wakati ule, na ndicho kilichomfundisha kuchora. Mle ndani mlijaa watu wenye pua ndefu zilizopinda, matumbo yaliyofyatua vifungo, wanawake wenye videvu vilivyochongoka, na mfalme mmoja mnene kama pipa la maji.

Baba alikaa na kamusi akang'amua kwamba yule bwana alianza kazi angali mtoto, mezani kwa baba yake, akichimba mistari kwenye bamba la chuma. Alimdhihaki mfalme mpaka watu wa mfalme wakamwendea kumbembeleza aache. Uzeeni akawachukia walevi, akawachora na wao. Sijui mangapi kati ya hayo yaliandikwa mle na mangapi baba aliyatia chumvi, maana kutia chumvi ilikuwa tabia yake.

"Na hawa wote wako wapi?" nilimuuliza, nikimwonyesha wale wenye pua.

"Walishakufa, mwanangu. Wote. Na aliyewachora naye."

Hilo la kufa nililishika kuliko mengine yote.

Wa rika langu mliosoma enzi za kengele ya rimu ya gari, huenda baadhi yenu mlisoma kwa picha za baba yangu bila kumjua. Maneno yalikuja kutoka Dar kwa basi, yamepigwa taipu, na baba akayachorea mtoto anayefagia, mama anayetwanga, mzee anayevua samaki. Wino aliutengeneza mwenyewe kwa masizi, na kalamu yake ilikuwa ya nibu. Kivuli alikijaza kwa vistari vyembamba vilivyopandana, kimoja kimoja, kama alivyofanya yule Mwingereza, na akifika kwenye vivuli alinikataza hata kupiga chafya. Darasani nilipowaambia wenzangu kwamba yule mtoto anayefagia kitabuni ni mimi, walinizomea.

Watu wa vitabuni aliwachora sura zao zilivyo. Sura za vichekesho alizichora msibani tu.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi utani wanaujua kwa jina tu. Sisi Wanyamwezi na Wazigua ni watani, na mtani ana kazi yake kwenye kilio. Huja akavaa nguo za marehemu, akaiga alivyotembea, akataja ubahili wake na ubishi wake mbele ya wajane na yatima, mpaka mtu aliyelia tangu alfajiri anajikuta anacheka na kamasi zinamtoka. Hakuna wa kumkasirikia. Baba hakuwa na kipaji cha kuiga mwendo, kwa hiyo alijibunia njia yake. Alichora marehemu kwenye karatasi ya manila, pua imerefushwa au tumbo limevimbishwa, akaitundika picha kwenye nguzo ya turubai. Wenye msiba walimpa kuku au soda aishushe. Kabla ya swala aliishusha mwenyewe bila kuambiwa, maana mashekhe hawakuipenda hata kidogo, na akaichoma. Manundu nzima walimwita Mchora Marehemu, na walijua sharti lake: mtu hai hamchori hivyo, hata umpe nini.

Nami nilikuwa na sheria yangu kichwani, niliyoijenga kwa kitabu na kwa misiba. Mtu aliyechorwa alivyo yu hai. Mtu aliyechorwa kwa kupotoshwa ameshakufa. Sikumwambia mtu, kwa sababu niliona ni jambo ambalo kila mtu analijua.

Rafiki mkubwa wa baba alikuwa Mzee Mhando, Mzigua mwenye shamba la mahindi Handeni na nyumba hapo Manundu, hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa na baiskeli nyeusi ambayo hakumwazima mtu, hata mkewe mja mzito akitaka kupelekwa zahanati. Alimpakia nyuma, lakini kuendesha aliendesha yeye. Kila jioni alipita kwetu.

"Wewe Mnyamwezi, mbeba mizigo, bado unachezea masizi tu?"

"Pita zako, Mzigua mla bada. Ukifa nitakuchora na hiyo baiskeli yako."

"Utanichora vizuri? Usije ukanipa pua ya Mzungu."

Bada ni ugali wa muhogo, na mimi nilicheka kila walipotukanana hivyo, ingawa matusi yalikuwa yaleyale. Nilimpenda yule mzee. Alinipa mahindi mabichi, na aliniitikia shikamoo yangu kwa kuvua kofia kana kwamba nastahili heshima fulani.

Msimu ule mahindi yalipoanza kubeba, matusi yakapungua. Mzee Mhando alikuja akaongea na baba kwa sauti ya chini, na mimi nikifika wakanyamaza. Alikuwa amekonda, shingo inacheza kwenye kola. Nilidhani wamegombana.

Siku yenyewe mama alikuwa amepanda mlima kwenda Kwashemshi kumwona bibi, mdogo wangu mgongoni. Baba alikwenda Mombo kuchora ukuta wa hoteli moja na angelala huko. Nikaachiwa kiporo na maagizo, na jirani wa kuniangalia kwa mbali. Nilipomaliza kuteka maji nikalifungua sanduku la baba nikatoa kitabu cha Mwingereza, kwa kuwa sikuruhusiwa kukishika peke yangu. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya manila iliyokunjwa mara mbili. Nikaikunjua.

Alikuwa Mzee Mhando. Amevishwa sanda, amekalia baiskeli yake, miguu pekupeku inakanyaga pedali, na nyuma yake watu wanne wanakimbia na jeneza tupu wanamwita asimame. Shingo ndefu kama ya korongo. Uso umegeuka kuwaangalia wale wanne kwa jicho la mtu anayeogopa wataomba lifti. Sijawahi kuona picha nzuri kama ile mpaka leo, na nimeziangalia picha nyingi.

Nililia kwanza, nikiwa peke yangu pale chini. Halafu nikafikiri. Jana yake Mzee Mhando alikuwa amepanda basi kwenda Handeni kuangalia shamba. Basi amekufa hukohuko, baba amepata habari, amechora, halafu kwa haraka ya safari amesahau picha. Na mtani hachelewi kwenye msiba. Akichelewa ni aibu ya kusimuliwa miaka. Sasa nani wa kumfichia baba aibu hiyo ila mimi? Nitasema yote: huzuni ilikuwapo, lakini nilikuwa pia na furaha kidogo. Niliona watu watakavyocheka, na watakavyoniita mtoto wa baba yake.

Nikaenda kwa Mzee Mhando. Mkewe, Mama Zaina, alikuwa uani anapepeta, na Zaina mwenyewe anashona mto wa harusi yake, maana angeolewa baada ya mavuno.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba. Msiba gani tena, mwanangu?"

Nikaikunjua picha mbele yake. Aliitazama, akanitazama mimi, ungo bado uko mkononi.

"Baba yako kapata wapi habari?"

"Sijui, mama. Lakini ameshamchora."

Hilo lilitosha. Kwa mtu wa mji mwingine lisingetosha, angecheka au angenichapa. Mama Zaina alikuwa mtu wa Manundu. Ungo ukaanguka, akapiga yowe ambalo nikilikumbuka naacha ninachofanya. Zaina akafuata. Majirani wakaingia mmoja mmoja wakiuliza, na kila aliyeuliza alionyeshwa karatasi, na kila aliyeiona akashika kichwa. Simu za mkononi hazikuwapo. Kaka wawili wa Mzee Mhando wakakodi lori la kwenda Handeni alfajiri kuchukua maiti. Turubai likafungwa, mikeka ikatandikwa, na mtu mmoja, sijui nani, akaitundika ile picha kwenye nguzo kama ilivyozoeleka. Mimi nikasubiri wacheke. Hakuna aliyecheka, nikadhani ni kwa sababu baba hayupo.

Kesho yake saa nne asubuhi Mzee Mhando akashuka kwenye basi na gunia la mahindi mabichi. Lori la kaka zake alipishana nalo njiani. Aliingia uani kwake, akawakuta wanawake wamekaa chini wamejifunika kanga.

"Nani amekufa?" akauliza.

Wapo waliokimbia. Mama Zaina alianguka akamwagiwa maji. Mzee Mhando akasimama katikati ya mikeka, akaiona picha kwenye nguzo, akaisogelea pole pole, na akaanza kucheka. Alicheka peke yake, amejishika tumbo, mpaka gunia likamtoka begani. Akasema, "Mnyamwezi huyu, Mnyamwezi huyu!" Kisha akakaa chini kwenye mkeka wa kilio chake mwenyewe, akafuta macho, na hakucheka tena.

Mnajua kwetu ilivyo. Kumlilia mtu hai ni kumwitia mauti. Kaka zake waliporudi kutoka Handeni, wachovu na waliochekwa njia nzima kwa kuulizia maiti isiyokuwapo, hawakutaka kusikia habari ya bahati mbaya. Baba aliporudi kutoka Mombo adhuhuri, rangi bado iko kwenye kucha, aliitwa uani pale. Mama alikuwa hajarudi. Mimi nilikuwa nimesimamishwa mbele ya watu kama mwizi.

"Mtoto huyu ana kitu," alisema mwanamke mmoja. "Mtoto gani anamtangazia mtu kifo?"

"Ni kisirani," akasema mwingine. "Apelekwe kwa mganga kabla hajatumaliza."

Mama mmoja, wa rafiki yangu niliyecheza naye kila siku, akamvuta mwanawe nyuma yake. Niliona mkono ulivyomvuta.

Kaka mkubwa wa Mzee Mhando akamgeukia baba. "Sema. Nani alimtuma mtoto?"

Baba alinitazama. Nilijua ananiona nilivyofungua sanduku, nilivyokishika kitabu, yote. Nikasubiri aseme. Nilitaka hata anichape palepale ili yaishe.

"Nimemtuma mimi," baba akasema.

"Umchoree mtu hai sanda, halafu umtume mtoto na habari ya kifo?"

"Ndiyo. Ulikuwa utani."

"Huo si utani."

"Nimekosa. Nisameheni."

Nilimwangalia Mzee Mhando. Alikuwa ameinamisha kichwa anachora kitu mchangani kwa kidole. Alisema neno moja tu, kwa sauti ambayo wachache waliisikia: "Muacheni mtani wangu." Hawakumwacha. Na mimi nikaona raha. Naiandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Macho yote yalihama kutoka kwangu kwenda kwa baba, nikapumua, nikajua nimepona. Nilidhani baba ni mkubwa na mkubwa hawezi kuumizwa na maneno.

Mzee Mhando alikufa kabla mahindi hayajakauka. Harusi ya Zaina haikufanyika mwaka ule, na yule mchumba hakusubiri. Siku ya mazishi baba alioga, akavaa kanzu, akaenda mikono mitupu, bila karatasi wala kalamu. Nilimfuata kwa nyuma. Yule kaka mkubwa alimzuia kabla hajafika kwenye mikeka, akamwekea kiganja kifuani.

"Hapa huna utani na mtu."

"Nimekuja kumzika rafiki yangu."

"Ulishamzika."

Baba akageuka. Aliponikuta njiani hakuniuliza ninafanya nini pale. Alinishika mkono tukarudi nyumbani.

Baada ya hapo watu walianza kumkwepa. Mtu akiona baba anamtazama, alijifunika uso kwa kiganja au kanga akasema, usinichore. Walisema kwa kicheko mwanzoni, baadaye bila kicheko. Karatasi za taipu zilikuja tena kutoka Dar, akazikalia wiki nyingi, halafu akazirudisha kwa basi lilelile akisema macho yamechoka. Macho yake yalikuwa mazima mpaka anakufa. Hakuchora tena uso wa mtu. Aliandika maneno kwenye kuta za maduka, sabuni, mafuta ya taa, chumvi, kwa herufi nzuri zilizonyooka, na hakunipiga hata siku moja. Ningependa angenipiga.

Mengine mama alinieleza nikiwa na mimba ya kwanza, tunamenya mihogo. Mzee Mhando ndiye aliyeiomba ile picha. Hospitali walikuwa wamemwambia ugonjwa wa tumbo lake haurudi nyuma, naye akamficha mkewe ili harusi ya Zaina isivunjike. Alimwambia baba peke yake. "Nyie watani mnafaidi," alimwambia. "Mie nitakuwa nimelala kwenye jeneza sioni kitu. Nichore sasa nicheke na mie." Baba alikataa mara mbili, ya tatu akachora. Picha ilikuwa inamsubiri arudi kutoka Handeni.

"Na alipokufa kwa nini baba hakusema?" nikamuuliza mama.

"Nilimbembeleza. Akasema, nikisema, Mama Zaina atajua mumewe alinieleza mimi akamficha yeye. Ataishi nalo vipi?"

"Na mimi je? Kwa nini alisema alinituma?"

Mama aliendelea kumenya. "Ulitaka uolewe na nani," akasema, "ukiwa mtoto wa kisirani?"

Nilikuwa nimeolewa. Nilikuwa na heshima zangu, kazi, rafiki wa Manundu waliosimama kwenye harusi yangu. Nililia siku ile mpaka mama akaogopea mimba, na bado sikwenda kwa mtu kusema neno. Nilijiambia nitasema baba akiwa hai, wakati ukifika. Kila likizo nilikwenda Korogwe, nikamkuta kibarazani, nikamsalimu, tukaongea habari za mvua.

Msiba wake ulikuwa wa watu wachache. Walikuja majirani wapya, watu wa msikitini, ndugu wa mama kutoka Kwashemshi. Mtani hakuja hata mmoja. Kuanzia turubai lilipofungwa mpaka tuliporudi makaburini hakuna aliyevaa koti lake, hakuna aliyeiga alivyokunja mgongo, hakuna aliyemtukana. Watu walikula kimya wakaosha mikono. Watoto wangu walisema msiba wa babu ulikuwa na utulivu, wakidhani wanasifia.

Siku ya tatu alikuja Mama Zaina. Sasa ni bibi kizee, anatembea kwa kushika ukuta. Wenzangu wakampisha mkekani, akakaa karibu yangu, akakataa chai.  Akanishika goti.

"Mwanangu, nimekuja kukuuliza jambo moja, nami sina siku nyingi. Siku ile ulipoleta picha. Baba yako alikutuma kweli?"

Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni. Mashemeji zangu walikuwa wanapanga vyombo, na binti yangu mkubwa alikuwa ameegemea bega langu, anasikiliza. Nilikuwa na la kumwambia kuhusu mimi na la kumwambia kuhusu mumewe, yote mawili ya kweli, na baba, aliyeyaficha yote mawili, alikuwa ameshazikwa. 

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alinituma."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa na matumaini kidogo na sasa ameyaacha. Akajifunga kanga yake vizuri.

"Basi," akasema, "Mwenyezi Mungu amsamehe."

Na mimi, mwanawe, nikaitikia amina.